Dawa ya Ng'ombe

Bibi Gati alipiga simu asubuhi kusema kesho yake angefika. Alikuwa anatoka Nyakunguru kuja kutibiwa macho mjini Tarime, na angekaa Nkende, nyumbani kwa mwanawe Mseti, mpaka madaktari wamruhusu. Robi, mke wa Mseti, aliitikia "Karibu sana, mama" kwa sauti tamu. Alipokata simu alibaki ameikodolea macho sakafu.

Nyumba ilikuwa imejaa viroboto. Ukiingia chumbani na soksi nyeupe, unatoka zina madoa meusi yanayorukaruka. Walianza kwa Popi, mbwa wa ulinzi, wakahamia kwa Sukari, paka wa binti yao Irine, halafu wakaingia kwenye godoro la mtoto mwenyewe. Miguu ya Irine ilikuwa na vidonda vya kujikuna hadi mwalimu akauliza kama ni upele. Mseti, dereva kule Nyamongo ambaye alirudi nyumbani mwisho wa juma tu, aliona ni jambo la kuchekesha. Robi hakuona cha kuchekesha. Mama mkwe wake hakuwa mtu wa kumeza maneno. Mara ya kwanza kukanyaga nyumba ile alifunua sufuria, akauliza mbele ya wageni kama huku mjini maji ya kuoshea vyombo yamekatika.

"Leo watakwisha wote," Robi akasema peke yake.

Dawa alikuwa nayo. Shemeji yake Matiko, mfugaji, alimwachia dawa ya kuogeshea ng'ombe ndani ya chupa ya soda. "Kizibo kimoja kwenye ndoo nzima, shemeji. Usizidishe," alimwonya. Robi alikuwa ameshajaribu hicho kizibo kimoja, na viroboto wakaendelea kuruka kama kawaida yao. Safari hii aliinamisha chupa juu ya ndoo akamimina mpaka maji yakawa meupe kama maziwa. Harufu yake ilimkaba koo. Akaona ni vizuri. Dawa yenye harufu kali ndiyo inayofanya kazi.

Alipiga deki vyumba vyote, maji machafu akayamwaga uani. Kisha akamkamata Sukari, akamzamisha hadi shingoni kwenye dawa iliyobaki ndooni. Paka alijinyonganyonga, akamparua mkono kutoka kiwiko hadi kifundo.

"We mnyama!" Robi alifoka. "Ukiendelea hivi nakutia kwenye gunia nikakutupe mtoni!"

Irine alikuwa amesimama mlangoni, begi la shule mgongoni. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka shule. Sukari alipochomoka mikononi mwa Robi, mtoto alimdaka, akamkumbatia akiwa vilevile amelowa, akatoka mbio.

"Irine! Rudi hapa!"

Robi aliishia kwenye kizingiti. Atarudi, akawaza, njaa itamrudisha. Akashika tena tambara lake. Vidole vilikuwa vinamwasha, na kichwa kilikuwa kizito, lakini alilaumu jua.

Alipotoka uani kuanika tambara ndipo alipomwona kuku wao mmoja. Alikuwa amekunywa yale maji yaliyomwagwa. Alitembea kwa kuyumba, shingo ikampinda, akaanguka ubavu akitokwa na povu mdomoni. Miguu yake ilipiga hewa mara chache, ikatulia.

Robi alimtazama yule kuku. Halafu akatazama njia aliyopita Irine na paka aliyelowa dawa, akaangusha tambara.

"Irine!"

Alichungulia chooni. Alizunguka nyuma ya nyumba. Aliuliza kwa wauza nyanya kandokando ya barabara, hakuna aliyemwona. Eugenia, jirani yake mwenye asili ya Rombo, nesi wa hospitali ya mjini, alikuwa anafua kwake siku hiyo kwa sababu hakuwa na zamu. Alinyanyua kichwa.

"Mama Irine, kuna nini?"

"Mtoto ana paka. Paka nimemwogesha dawa ya ng'ombe. Nimezidisha, dada. Kuku amekufa!"

Eugenia aliacha nguo ndani ya beseni. Hakuuliza swali la pili. "Huwa anajificha wapi akikasirika?"

Robi alijilazimisha kufikiri. Kulikuwa na nyumba isiyoisha ng'ambo ya njia, kuta tupu bila paa, ambako watoto walicheza na kila siku wakafukuzwa. Walikimbia. Ndani majani yalikuwa yameota hadi magotini, na mwanzoni hakukuwa na sauti yoyote. Kisha mtu akakohoa nyuma ya rundo la tofali.

Irine alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta. Sukari alikuwa kifuani pake, amefungwa kwenye sweta la shule, anatetemeka mwili mzima. Mate yalimtiririka mtoto hadi kwenye kola, na jasho lilikuwa limemlowesha uso.

"Usimtupe mtoni, mama," alisema. Ulimi ulikuwa mzito.

"Simtupi, mwanangu. Simtupi. Nipe."

"Usimshike hivyo!" Eugenia alisema kwa ukali. Aliokota mifuko ya plastiki pale chini, akaivaa mikononi, akamtoa paka, akamweka kwenye majani. Akamfungua mtoto jicho kwa kidole. Mboni ilikuwa imesinyaa kama tundu la sindano. "Mvue kila kitu. Maji na sabuni, haraka!"

Walimkimbiza nyumbani kwa Eugenia, wakamwogesha kwenye beseni lake, wakimsugua kifua, shingo na mikono, wakibadilisha maji. Watu walianza kujaa. Mama mmoja alileta kikombe cha maziwa. "Mnywesheni, yanakata sumu!"

"Hapana," Eugenia akamzuia. "Anaweza kupaliwa. Mama Irine, leta ile chupa ya dawa, daktari lazima aione. Nani ana pikipiki?"

Bodaboda aliyekuwa anapita alisimamishwa kwa kelele za watu wote waliokusanyika. Robi alikaa katikati, mtoto amefungwa khanga, Eugenia nyuma yake. Barabarani Irine alitapika. Kisha akawa mlegevu, na Robi akaanza kumpapasa shavu.

"Irine, niitikie. Niitikie, mama."

"Mmh."

"Tena."

Mtoto hakuitikia. Robi alimpigia dereva kelele aongeze mwendo, ingawa pikipiki ilikuwa tayari inaruka juu ya kila tuta.

Hospitalini walimpokea mikononi mwake, wakafunga mlango. Eugenia aliingia nao. Robi alibaki kwenye benchi, mikono yake mwenyewe ikimwasha, mpaka mhudumu akampeleka bombani anawe. Alijisugua mpaka ngozi ikauma, na hata hapo hakuacha.

Eugenia alitoka jioni. "Sindano zimefanya kazi. Anapumua vizuri, anauliza habari za paka."

Robi aliinama akalia.

Sukari alikuwa amekufa palepale kwenye majani. Robi ndiye aliyemwambia Irine, kesho yake, kando ya kitanda. Mtoto aligeukia ukutani, na siku nzima hakumsemesha mama yake.

Bibi Gati alifikia hospitalini moja kwa moja. Alisikiliza habari yote, macho yake mabovu yakiwa yanatoka machozi, akikuna ugoko taratibu.

"Viroboto?" aliuliza. "Wewe, kwa ajili ya viroboto? Hata kwangu wapo. Tangu nimeolewa wapo. Ungeniambia tu, tungewatoa pamoja."

Na ndivyo walivyofanya. Mbuzi wa jirani, ambaye usiku walikuwa wakimlaza ukumbini mwao, alihamishwa kwa kuwa naye alileta viroboto. Godoro na mablanketi vilianikwa juani siku baada ya siku, shuka zikachemshwa, vumbi la kila pembe likafagiliwa na kuchomwa. Walirudia, kwa kuwa mayai yaliendelea kuanguliwa. Hata bwana mifugo alikuja na dawa ya mbwa, ya mbwa kweli, akaonyesha kipimo.

Siku ya kumwogesha Popi, Irine alisimama mbali, mkono kwenye nguzo. Robi alichanganya dawa kama alivyoelekezwa, akamwita.

"Njoo umshike kichwa."

Irine aliangalia beseni. "Weka mkono wako kwanza."

Robi akauzamisha hadi kiwiko, akauacha humo, na mtoto akasimama anautazama kwa muda mrefu kabla hajasogea.