Vya Kwako Vilitoka Siku ya Ngapi?

Swali liliingia saa tatu asubuhi, Afrah akiwa uani anaanika nguo. Alifuta povu mkononi, akafungua simu, akasoma.

"Mdogo wangu Afrah, leo ni siku ya ishirini na nne. Vya kwako vilitoka siku ya ngapi?"

Aliyeuliza ni Levina, mkulima wa Ntalikwa. Tangu Afrah alipoanzisha blogu yake ya mambo ya nyumbani, miaka miwili iliyopita, hakuna makala Levina aliyoipita bila kuacha neno. Afrah akiandika namna ya kupika kisamvu kwa karanga, Levina anaongeza wanavyokipika kwao. Afrah akiumwa, Levina anauliza hali. Walikuwa hawajaonana hata mara moja, ingawa kutoka Chemchem, alikoishi Afrah na mama yake, hadi Ntalikwa hakukuwa mbali kihivyo.

Mwezi mmoja na nusu nyuma, duka moja la mtandaoni lilimpa Afrah linki yake mwenyewe. Kila atakayenunua kwa kupitia linki ile, Afrah anapata kamisheni. Akaandika makala kuhusu mashine ya kutotoleshea vifaranga, na aliiandika vizuri mno. Alisema kwao wamesahau habari za kumsubiri kuku atamie, na kwamba sauti za vifaranga ndizo zinazomwamsha asubuhi. Picha alipewa na duka. Uani kwao hakukuwa na kuku hata mmoja, wala hakuna mahali alipoandika kwamba linki ile inamlipa.

Sasa alisimama na kanga mbichi begani, akiandika jibu. "Siku ya ishirini na mbili." Akafuta. "Vuta subira kidogo, dada." Akafuta. Akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Mwishowe, kabla hajajishauri vizuri, akalifuta swali lenyewe kwenye blogu.

Nusu saa haikupita, simu ikatetemeka.

"Naona swali langu limepotea, labda ni mtandao wa huku kwetu. Nauliza tena, vya kwako vilitoka siku ya ngapi? Maana mama Pelagia na Advera wa jumuiya yetu nao wameagiza kwa linki yako, mizigo yao inafika leo kwa basi. Nataka niwaeleze vizuri."

Afrah akaingia jikoni tena, akatoka mikono mitupu.

"Una nini wewe?" mama yake, Bi Asmahani, alimuuliza akichambua mchele. "Umeingia jikoni mara tatu, hukuchukua kitu."

Afrah akamweleza yote. Bi Asmahani hakuinua macho kwenye sinia.

"Baba yako, Mungu amrehemu, akimpeleka mteja duka la Qais alikuwa akimwambia njiani, 'Huyu Qais hunipa changu nikimletea mtu.' Mteja anajua. Akitaka anaendelea, akitaka anarudi."

"Mambo ya mtandaoni ni tofauti, mama."

"Tofauti yake nini? Wanunuzi wa huko si ndio hawa hawa?"

Afrah alivaa baibui, akatoka bila kunywa chai. Njia nzima, nyuma ya bodaboda, alipanga maneno, yakavurugika, akayapanga upya. Kila dereva alipopunguza mwendo, alitamani kumwambia ageuze.

Ntalikwa aliuliza kwa Levina mwenye mashine, akaonyeshwa haraka. Mashine ile ilishakuwa habari ya mtaa. Levina alikuwa mwanamke mrefu wa makamo. Alipomtambua alipiga kelele ya furaha.

"Afrah! Wa kwenye simu! Mtandao umekuleta mwenyewe?" Akamletea kigoda, akamwita mama yake kwa Kinyamwezi aje amwone mgeni. "Umekuja wakati mzuri. Hebu tazama, uniambie nilipokosea."

Alimwingiza chumbani. Harufu iliwapokea mlangoni. Mashine ilikuwa imewashwa, taa yake ya kijani inawaka, namba zinaonyesha joto sawasawa na kitabu kinavyotaka. Levina alichukua yai, akaligonga ukingoni mwa bakuli. Kifaranga alikuwa ndani, ana manyoya, ana kucha, amekufa.

"Sitini," alisema. "Nilizunguka kaya saba kuyakusanya, nikiwaambia kila mmoja atapata vifaranga vyake. Wewe ulikuwa unageuza mara ngapi kwa siku?"

"Dada Levina," Afrah alisema, "mimi sina mashine."

"Umeiuza?"

"Sijawahi kuwa nayo. Maneno niliyatunga, picha nilipewa na duka. Na kila anayenunua kwa ile linki, mimi nalipwa."

Levina aliweka bakuli chini.

"Kulipwa si kosa," alisema taratibu. "Hata mimi nikimuuzia mtu mahindi yake sokoni, ananikatia changu. Ila anajulikana mwenye mahindi na anajulikana muuzaji. Ungesema, ningekuuliza kwanza kama umeijaribu." Kisha akauliza kwa sauti ya chini zaidi, "Na swali langu la asubuhi? Ule ulikuwa mtandao?"

Jibu jepesi lilikuwa pale pale mdomoni. Afrah alilimeza.

"Ni mimi. Nililifuta."

Levina aligeuka, akaanza kupanga vitu ambavyo havikuhitaji kupangwa: ndoo, ufagio, viatu. "Mimi nilikaa hapa naulaumu mtandao," alisema akiwa amempa mgongo. "Hilo ndilo baya, Afrah. Mayai yangeoza hata kwa bahati mbaya."

Afrah alitaka kulia, lakini Levina alikuwa tayari anafunga kitambaa kichwani.

"Mama Pelagia ameshaondoka kwenda kuchukua mzigo wake na wa Advera. Simu yake haina chaji. Twende."

Walipanda bodaboda moja hadi ofisi ya mizigo ya mabasi. Ndani kulikuwa na foleni. Mbele kabisa, mama mmoja mzee mwenye sweta la bluu alikuwa amekwisha kutia sahihi na sasa anatafuta pa kuchania gundi ya boksi. La Advera lilikuwa miguuni pake. "Huyo ndiye," Levina alisema.

"Shikamoo, mama. Naomba usifungue!" Afrah alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Watu wakageuka. Hata karani, Sabiri, akaacha kuandika.

"Marahaba. Na wewe nani?"

"Ni Afrah, wa ile blogu. Mashine hii sijawahi kuitumia. Ya dada Levina imeua mayai yote. Nilisifia kwa sababu duka linanilipa." Akaonyesha boksi kwa kidole. "Wanapokea mzigo ukirudishwa ndani ya siku saba, lakini usiwe umefunguliwa."

Mama Pelagia alimtazama Levina, naye akaitikia kwa kichwa.

"Kumbe ulikuwa unatangaza," mzee alisema, bila hasira. "Mimi nilidhani unatusimulia."

Afrah alijaza fomu za kurudisha mizigo yote miwili, akikosea hata Sabiri akamwomba arudie namba ya simu. Advera walimpigia kwa simu ya Levina, akakubali.

Mchana ule ule aliandika juu kabisa ya makala, kwa herufi nene: linki hii inanilipa, mashine hii sikuitumia, na mayai sitini yameharibika kwa sababu yangu. Swali la Levina alilibandika upya kwa mkono wake, akaandika chini yake kwamba yeye Afrah ndiye aliyelifuta. Kisha akakumbuka mengine. Kulikuwa na mwanamke wa Tura, aliyewahi kuandika kwenye blogu ya Afrah jinsi ugonjwa wa kideri ulivyomaliza kuku wake wote. Chini ya msiba ule Afrah alikuwa ametupia linki, bila hata pole. Akaiondoa, akamwomba radhi. Mwanamke hakujibu.

Maoni yalimiminika siku tatu. Wengine walimtukana, wengine walimshukuru, wengi waliondoka kimya. Duka lilisitisha linki yake. Mashine ya Levina Afrah aliipeleka kwa fundi Shukrani, ambaye alitia kipimajoto kingine ndani na kukuta tofauti ya nyuzi tatu. Akabadilisha kipimajoto cha mashine, wakaijaribu kwa mayai kumi. Vikatoka saba. Afrah alivipeleka Ntalikwa, vikagawiwa kwenye zile kaya, kila moja kimoja.

Lakini chini ya makala zake mpya jina la Levina halikuonekana tena. Kila simu ilipolia Afrah aliinyakua, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Hata usingizi wa mchana ulimkimbia.

Wiki ya tano Levina alipiga.

"Huko kwenye blogu sirudi sasa hivi," alisema. "Ila Jumamosi tunamenya karanga. Kama una nafasi, njoo."

Afrah alifika mapema kupita kiasi. Walikaa kibarazani, Levina, mama yake na yeye. Hakuna aliyetaja mashine. Levina aliongea machache, kuhusu mvua, kuhusu bei ya magunia, na Afrah hakuweza kusoma usoni mwake kama amesamehewa au amevumiliwa tu.

Levina alisogeza ungo wa pili hadi magotini pa Afrah.

"Menya," alisema. "Hizi za huku bado."