Chipukizi Lisilo na Kijani

Kule kazini kwake, kinyozi alikuwa na la kusema kwa kila kichwa kilichomkalia mbele: siasa, mpira, hata ugomvi wa ndoa zisizomhusu. Akifika nyumbani, kimya. Mkewe alipokuwa hai ndiye aliyemsemea. Tangu afariki, baba na binti yao waliishi kwa salamu na "chakula kipo mezani".

Sasa binti alikuwa anahamia mbali kikazi, gari linamfuata kesho asubuhi, na baba mtu hajamwambia lolote la maana. Alilotaka kusema lilikuwa fupi tu: asimsahau, awe anarudi. Kila akijaribu, anaishia kwenye salamu.

Jioni hiyo binti alichuchumaa kibarazani mbele ya chungu cha mkonge. Si ule mkonge mkubwa wa kamba. Huu ni wa mapambo, hauzidi upana wa sinia, majani ya kijani yenye kingo za rangi ya krimu. Mama yake aliupanda kwenye mchanga na kokoto, akauweka juani. Baada yake kinyozi aliutunza, akizipunguza ncha za miiba kwa mkasi wa kucha zisije zikamchoma mtu.

Ubavuni mwa shina yalichipuka machipukizi mawili. Moja lilikuwa na kingo za krimu kama mmea mama. Lingine lilikuwa jeupe pe, zuri mno.

"Baba, nikatie hili jeupe. Nataka kitu cha mama."

"Hilo hapana. Chukua lile."

"Kwa nini?"

"Hapana tu."

Binti akainuka. "Mama angenipa," alisema, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Kinyozi alijilaani. Mdomo wote ule, maneno mawili ya kueleza yanamshinda! Sababu anaijua, mkewe alimwonyesha zamani. Akamwona bintiye huko aendako, chipukizi limemfia, analaumu maji, analaumu jua, mwishowe anailaumu mikono yake mwenyewe. Hapo akakibeba chungu kizima mpaka mlangoni pa binti, akabisha.

"Chukua chote."

"Si umekataa?"

"Nimekataa kukata. Hili jeupe halina kijani hata chembe, haliwezi kujilisha. Linakula kwa mama yake. Ukilitenga, linakufa. Usilimwagilie kila siku. Ngoja udongo ukauke kabisa kwanza."

Binti alikitazama chungu, kisha akamtazama baba yake. "Na wewe utabaki na nini hapa?"

Kinyozi alimnyooshea chungu.

"Nitabaki nakusubiri, mwanangu. Uwe unarudi. Nyumba hii bila wewe siiwezi."

Binti alikipokea chungu, akakiweka sakafuni taratibu. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Hebu sema tena, baba."

Akasema tena.