Hakuja Kutusindikiza

Idrisi alifariki asubuhi ya Jumatano, mwezi wa saba, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa bucha yake karibu na soko la Embu. Alikuwa anangoja mbuzi kutoka Ishiara. Mdogo wake Nurudin alikuwa ndani akinoa kisu. Anasema alimsikia akikohoa mara moja tu, akadhani amesinzia. Kulikuwa na ile mvua yetu nyepesi ya Julai, isiyonyesha sawasawa wala kukatika. Habari ziliponifikia nyumbani Majimbo nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuuchambua mpaka ukaisha, ndipo nikasimama.

Alizikwa siku hiyo hiyo. Kabla jeneza halijatoka uani, Nurudin alisimama mbele ya watu akasema yale yanayosemwa kila mara.

"Ndugu zetu, kama kuna mtu marehemu alimkosea, tunaomba amsamehe. Kama kuna mtu ana haki yake kwa marehemu, aje kwetu sisi familia. Asione haya."

Mimi nilikuwa ndani na wanawake, dirisha likiwa wazi. Nilisikia wanaume wakijibu, "Tumemsamehe, tumemsamehe." Hata Gedion mwenye duka la mbolea, ambaye ni Mkristo na ambaye alizozana na Idrisi mwaka mzima juu ya mtaro wa maji machafu, nilimsikia akipaza sauti: "Huyu mzee mimi nimemsamehe kabisa. Hata mtaro nimesamehe."

Nikajifunika uso kwa mtandio. Wanawake walidhani nalia. Nilikuwa naona aibu, kwa sababu nilimjua mtu mmoja mwenye haki yake ambaye hakuwa pale uani, na hakuna aliyekwenda kumwambia aje.

Mtu huyo anaitwa Hendra. Alikuwa mhudumu wa chumba chetu melini.

Binti yetu Jamilah anafanya kazi katika hoteli huko Dubai. Mwezi wa kwanza mwaka huu alitualika mimi na baba yake, akatupandisha meli kubwa ya watalii kwa wiki moja. Sisi tulikuwa na chumba chetu, yeye na mwenzake wa kazini wakachukua kingine. Idrisi hakuwahi kulala mahali ambapo mtu mwingine anamtandikia kitanda. Mimi pia. Asubuhi ya kwanza niliamka mapema nikatandika, nikakunja mataulo, nikapangusa sinki. Niliona vibaya kijana wa watu, anayeweza kuwa mwanangu, aingie akute shuka tulizolalia. Hendra alipofungua mlango akasimama akitazama kile kitanda, kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama kuna kosa amefanya. Nikamwambia hapana. Nilifika kidato cha nne kule Meru nilikozaliwa, kwa hiyo Kiingereza cha kujitetea ninacho. Kesho yake nikatandika tena.

Kilichotuunganisha naye ni sala. Meli haikai upande mmoja. Usiku inageuka na wewe umelala, na asubuhi hujui Makka iko wapi. Idrisi alifungua mlango akamsimamisha Hendra kwenye ule ujia mrefu wenye zulia, akamwonyesha kwa mikono, huku na huku, halafu akaweka viganja masikioni kama anayeanza kusali. Hendra hakungoja amalize. Alisema salamu alekum, akagusa kifua chake, akasema yeye ni mtu wa Lombok, Indonesia. Akaenda mahali akauliza, akarudi akatuonyesha upande.

Wahudumu wa meli wana mtindo wa kukunja mataulo yakawa wanyama, kumfurahisha mgeni. Wengine waliwekewa bata, wengine nyani. Sisi kila siku tuliwekewa ndovu, amesimama juu ya meza ndogo, mkonga wake umeelekezwa kibla. Tulisali tukifuata mkonga wa taulo. Meli ikigeuka, Hendra akipita na mashuka yake alibisha hodi, akamsogeza ndovu kidogo, akaondoka. Idrisi alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Jamilah," aliniambia, "nikisimulia haya bucha watasema nimetafuna muguka nikalewa."

Siku ya mwisho kabla ya kushuka, Jamilah alituonyesha bili.

"Na hii ya kila siku ni ya nini?" Idrisi akauliza.

"Ni bakshishi ya wafanyakazi, Baba. Wanakata wenyewe."

"Wanakata? Zawadi inakatwa kama kodi?"

"Ndiyo utaratibu wao. Usijali, ni sehemu ya safari."

"Mimi nikikupimia kilo ya nyama, nikakuongezea kipande cha mafuta, hicho kipande nakuandikia kwa bei? Nenda uwaambie watoe. Hendra nitampa kwa mkono wangu, na itapita hiyo yao."

"Baba, wataniona mimi ndiye mchoyo."

"Wakuone. Kesho wataona."

Jamilah akashuka kaunta akaomba waondoe. Idrisi akatia pesa ndani ya bahasha, akaibana kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kahawia. Jioni Hendra alipoleta lebo za kufunga kwenye masanduku, nilimkonyeza mume wangu kwamba ampe sasa.

"Sasa hivi, mtu ameshika kazi?" akaninong'oneza. "Nitampa akitusindikiza."

Na mimi nikaona ni sawa kabisa. Kwetu mwenyeji hakuagi sebuleni. Anatoka na wewe mpaka langoni, anavuka lango, unamwambia rudi sasa, anakwambia bado kidogo, mnafika barabarani. Ni hapo, mkiwa wawili, mnaposhikana mikono, ndipo unamwachia kitu kiganjani, unasema ni sukari ya watoto. Ukimpa ndani ya nyumba mbele ya watu, umemtajia bei ya chakula chake. Mtu aliyekuhudumia wiki nzima, aliyekugeuzia kibla mara nne kwa siku, hatakosa kukutoa angalau mpaka mlangoni. Hilo hatukulijadili. Lilikuwa wazi kwetu kama jua.

Asubuhi ilipofika, masanduku yalikuwa yameshachukuliwa tangu usiku. Kipaza sauti kiliita watu kwa rangi za lebo, na sisi tulikuwa kijani. Ujia ulikuwa umejaa magunia ya mashuka. Hendra alikuwa chumba cha tatu kutoka chetu, anavua kitanda, amelowa jasho. Alipotuona aliweka mkono kifuani akatusalimu. Idrisi akamwashiria, twende. Hendra akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye shuka.

"Anamalizia hicho kimoja," Idrisi akaniambia. "Anakuja."

Tulitembea polepole. Tulipofika penye mlango wa kutokea, Idrisi akasimama kando ya mstari, mkono ukiwa ndani ya koti.

"Baba, tunazuia watu," Jamilah akasema.

"Ngoja. Kijana wetu anakuja."

"Nani?"

"Hendra. Anakuja kutusindikiza."

Jamilah akanitazama mimi kwanza. "Baba, hawa hawasindikizi. Wageni wengine wanaingia leo mchana, anaandaa vyumba."

"Hata mpaka hapa mlangoni?"

"Hata hapa."

Uso wa Idrisi sitausahau. Alikuwa kama mtu aliyegundua amesimama kwenye foleni isiyo yake. Akageuka arudi ndani, lakini nyuma yetu kulikuwa na watu na mikoba na viti vya watoto, na kijana mmoja aliyevaa nyeupe alishachukua kadi yake kwa upole, akaipitisha kwenye mashine. Ikalia. Kadi ikishalia umetoka, hurudi. Jamilah akasema basi bahasha aachiwe yule kijana, ataifikisha.

"Nimpe mtu nisiyemjua haki ya mtu ninayemjua?" Idrisi akasema. "Haiwezekani."

Tukashuka nayo.

Chini gatini alisimama akiangalia yale madirisha, yote yamefanana. Akaniuliza, "Atatufikiria nini?" Hendra angejua tu kwamba watu wa chumba chetu walikwenda kaunta wakaondoa bakshishi, kisha wakampungia mkono wakaenda zao.

Tuliporudi, watu wa Embu walimbandika jina la Kapteni. Gedion ndiye aliyeanza. Kila asubuhi akipita: "Kapteni! Nipimie nusu, na usinipe ya papa." Au: "Kapteni, kule walikuwa wanakufunika blanketi? Na walikuimbia?" Watu wakicheka, nao walitaka asimulie. Idrisi, ambaye angeweza kukusimulia safari ya Ishiara ukadhani ni ya ng'ambo, alikata nyama akafunga kwa gazeti bila neno. Watu wakasema amepata maringo. Ndovu wa taulo hakumtaja kwa mtu hata mmoja.

Kila Jamilah alipopiga simu, Idrisi aliuliza jambo moja: "Umempata?" Jamilah alijaribu. Kampuni ilimjibu kwamba haitoi habari za wafanyakazi, na kwamba mkataba wa mtu huyo umekwisha. Koti la kahawia Idrisi hakulivaa tena. Lilining'inia nyuma ya mlango wa chumbani na bahasha yake ndani. Asubuhi ile ya Julai alitoka na sweta.

Jamilah alifika baada ya mazishi, akakaa. Dada yangu Mwanakombo naye alitoka Meru kuja kukaa nami eda. Jioni moja nikawaeleza kilichonifanya nijifunike uso siku ile. Mwanakombo hana breki mdomoni.

"Kumbe mlikaa kwa watu, mkala, mkalala, mkaondoka na bahasha yao?" akasema. "Wallahi Zuleka, ningekuwa mimi ningerukia dirisha nirudi."

"Madirisha ya kule hayafunguki," nikamwambia, na tukacheka wote watatu, mara ya kwanza tangu kifo. Halafu Jamilah akachukua simu akaanza kutafuta tena, safari hii kwenye ukurasa ambapo wafanyakazi wa meli husakana. Ilichukua muda, lakini alipatikana. Ameacha meli. Yuko kwao Lombok, anatengeneza simu.

Tulimpigia tukiwa sebuleni. Uso wake ukatokea, amenenepa kidogo. Hakutujua. Jamilah alimtajia jina la Idrisi, naye Hendra akainamisha kichwa kwa adabu.

"Mnisamehe," alisema. "Wageni ni wengi sana, kila wiki wapya."

Miezi yote hiyo mume wangu hakulala vizuri kwa ajili ya mtu ambaye hakumkumbuka. Nikachukua simu. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha shule, kwamba sisi ndio tuliokuwa tunajitandikia kitanda.

Akaziba mdomo kwa mkono. "Kenya! Mama wa kitanda! Msimamizi wangu alidhani nimekwenda kulala, nimewaachia kazi." Alicheka, kisha akachungulia nyuma yangu. "Baba yuko wapi?"

Nikamwambia. Akasema inna lillahi, akapangusa uso. Ndipo nikamweleza yote, kaunta, bahasha, na jinsi tulivyomngoja mlangoni. Sikujua kusindikiza kwa Kiingereza huitwaje, nikamwambia ni kutembea na mgeni wako mpaka barabarani.

"Asubuhi ile msimamizi alinionyesha vyumba vilivyoondoa bakshishi," alisema. "Chenu kilikuwemo. Nikajiuliza nimekosea wapi, maana mlikuwa wema. Nikasema, ni kibla."

"Kibla?"

"Siku moja nilikisia, Mama. Kazi ilikuwa nyingi, sikwenda kuuliza. Nikadhani Baba alijua kwamba nimewasalisha upande usiofaa, akakasirika. Ndiyo maana mliponiashiria sikuwafuata. Nilimwonea haya." Akatazama pembeni. "Baada ya pale sikuwageuzia wageni tena. Ndovu nilimweka popote tu."

Nilimpa Jamilah simu, nikitaka yeye amalizie. Halafu nikaichukua tena, kwani lililobaki lilikuwa langu kulisema. Nikamwomba amsamehe Idrisi.

"Nimemsamehe, Mama. Na yeye anisamehe ile siku moja."

Nikamwambia kwamba bahasha ipo, tunataka kumtumia. Nilikuwa nimejiandaa. Kwetu mtu hukataa kwanza. Anasema hapana, umenishinda kwa wema, unasisitiza, anakataa tena, ndipo anapokea kama aliyelazimishwa. Nilikuwa na maneno yangu tayari.

"Ahsante, Mama," akasema hapo hapo. "Nitaipokea. Mtoto wangu anaingia shule."

Hapo nikaona aibu kuliko siku ya dirisha. Nilitambua kwamba nilikuwa nangoja akatae, na kwamba sehemu fulani ndani yangu ilikuwa imeshaanza kumsifu kwa moyo wake mkubwa, huku bahasha ikirudi kwenye koti.

Jamilah alikwenda mjini kesho yake akatuma, na jioni Hendra akajibu kwamba imefika. Mimi bado niko eda. Koti nimempa Nurudin, na huwa analivaa asubuhi anapofungua bucha.