Mabawa ya Eligio

Siku tuliyomlaza Eligio, mtoto wa mdogo wangu Blásida, mezani, amevalishwa nguo nyeupe na mabawa ya karatasi mgongoni, mama mkwe wa Blásida, Bi Deolinda, alisimama mlangoni kama askari. Kwetu mtoto mchanga akifa ni malaika, na mama yake hatakiwi kumlilia.

"Blásida, usilie," akasema Bi Deolinda. "Machozi yatalowesha mabawa, mtoto ashindwe kuruka."

Watu wakala chipa, vile vimkate vya muhogo na jibini, gita likapigwa. Mdogo wangu hakulia.

Hakulia tena kwa lolote. Muhogo ukiungua motoni, anaula hivyo hivyo. Alijikata kidole, akakitazama tu. Mimi mwenye mdomo nilimwambia heri anitukane kuliko kunyamaza vile. Akasema hasikii kitu, si uchungu wala njaa.

Kisha mdanzi, ule mchungwa mchungu wa nyuma ya jiko, ukajaa viwavi, wale wanaofanana na mavi ya ndege. Mchana wamelundikana shinani, usiku wanapanda kufagia majani. Nikaja na tambara la mafuta ya taa niwachome. Akanishika mkono, akasema niwaache. Basi akawa anashinda nao. Akiwagusa wanatoa vipembe na harufu mbaya, naye hata pua hakunji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami sijazaa, nikafunga domo langu.

Viwavi wakakua, wakatawanyika. Mmoja akajifunga kwa uzi kwenye nguzo ya jiko, akakauka mfano wa kijiti. Asubuhi moja kijiti kikapasuka, akatoka kipepeo mweusi mwenye madoa mekundu, mabawa yamekunjamana, yamelowa chapachapa.

Bi Deolinda, aliyekuja kuomba kaa la moto, akasema huyo basi tena, haruki. Blásida alichutama pale mpaka jua likafika nguzoni. Mabawa yakanyooka taratibu, yakakauka. Kipepeo akayapigapiga, akaruka juu ya paa, akaenda zake.

"Mama," Blásida akamwambia mkwewe, "yalikuwa yamelowa. Na ameruka."

Akalia, jamani, hadi kuku wakakimbia. Nilifurahi, sifichi. Nikageuka nimsute yule mama, maneno nilikuwa nayo tangu mazishi. Nikamkuta amekaa chini, uso ameufunika kwa aproni, mabega yanatikisika. Naye alizika watoto wachanga wawili ujanani, na hakuna aliyewahi kumwona akiwalilia.