Mafuta ya Padri Crispus

Padri Crispus alipenda halua, na huo ndio ukweli wenyewe. Kila safari ya visiwani alibeba sanduku la misa, kanisa zima ndani ya kisanduku cha mbao, kila chombo na kishimo chake: kikombe, hosti, msalaba, na kichupa cha mafuta ya wagonjwa yaliyobarikiwa na Askofu Alhamisi Kuu. Siku ile akitoka Lamu, kichupa alikitoa akakiweka kabatini, na kwenye kishimo chake akashindilia halua. Kwani nani anaumwa huko Faza? Anakwenda kubatiza tu, basi.

Kumbe! Alipoteremka Faza alimkuta Bi Mwanamkisi ufuoni, akimpungia mkono aje upesi. Huyu ndiye aliyewapangisha chumba askari Phineas na mkewe.

"Ndoo hima, Padri. Mpangaji wangu yuwafa kwa homa, na yuwakuuliza wewe tu."

Phineas alikuwa amebaki mifupa na macho. Mkewe, Rosebella, alikaa naye mkekani.

"Baba, naogopa," akasema mgonjwa. "Nimeishi vibaya. Nipake mafuta, niende."

Padri akafungua sanduku. Halua hiyo, inang'aa samli! Angesema kweli tu, amwungamishe mtu wa watu, amwondolee dhambi zake. Mungu si mchoyo. Lakini aibu jamani, aibu humfanya mtu mjinga! Akaingia jikoni, akamwomba Bi Mwanamkisi mafuta ya nazi, akarudi nayo kwenye kikombe cha kahawa.

"Ndiyo yale ya Askofu, Baba?"

"Ndiyo, mwanangu."

Ulimi hauna mfupa. Akampaka machoni, masikioni, mikononi, mbio mbio, hata kumwuliza kama ana la kuungama asimwulize. Sala za Kilatini akazinong'ona tu. Phineas akamtazama sana, kisha akasema, "Asante, Baba." Kabla ya adhuhuri alikwisha kata roho.

Baada ya mazishi Rosebella alimfuata Padri kumshukuru. "Nitamwambia mama mkwe kwamba padri alifika, na mwanawe alipakwa mafuta."

Hapo Padri hakuweza tena. "Usimwambie hivyo, mama. Yale yalikuwa mafuta ya nazi. Ya Askofu niliyaacha Lamu, kwa ulafi wangu."

"Najua, Baba. Nayapikia kila siku, nisijue harufu yake?"

"Na yeye?" akauliza Padri.

"Alijua. Ulipotoka kunawa aliniambia, 'Baba ametoka mbali, tusimwaibishe.'"

"Lakini alinishukuru! Alikufa ametulia, sivyo?"

Rosebella aliinamisha uso. Hakutaka kulisema, ilionekana wazi kwamba hakutaka.

"Alikushukuru, Baba. Halafu akaniomba nimkumbatie kwa nguvu. Aliogopa mpaka mwisho."