Kadi ya Mtamba wa Robi

Asubuhi ya mnada, Mogesi alifungua kompyuta ya kibanda chake cha gemu pale Tarime, akachomeka kadi mpya ya grafiki, ile inayochora picha. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikuwa ya zamani, ya mashine iliyotupwa na ofisi fulani, lakini alijipa moyo kwamba kadi kali itaibeba. Kadi yenyewe ilitokana na mtamba mmoja wa mahari ya Robi, mdogo wake, aliyetolewa shule akaozwa kwa mzee Heche kule Nyanungu. Ng'ombe wa mahari ya dada ni wa kumwozea kaka. Mogesi aliona kuoa kunaweza kusubiri, gemu haiwezi.

Mpira wa gemu ulipoanza, Robi alitokea uwanjani, mle ndani ya skrini, na ndoo ya maji kichwani, akakatiza katikati ya wachezaji kuelekea kwa mumewe.

"Si dada yako huyo?" kijana mmoja aliuliza, akapiga kona.

Kilichowakera vijana ni kuganda. Kila baada ya muda picha ilikwama, wachezaji wote wakabaki mguu juu, na Robi akatua ndoo, akakaa kwenye nyasi, akanyoosha miguu. Aliitwa fundi Ramadhan.

"Prosesa imezeeka, ndugu yangu," alisema. "Inahema, huku kadi imekaa inaisubiri. Tafuta prosesa inayolingana nayo. La sivyo chomoa kadi, urudishe ng'ombe wa watu."

Mokami, mama yao, alipopata habari alianza kuja kibandani kila siku. Alikuwa anasubiri igande amwone binti yake akipumzika. Mzee Heche naye akafika, fimbo mkononi.

"Shikamoo, shemeji," Mogesi alisema.

"Marahaba. Mashine yako inanitesa. Ikikwama tu, mke wangu anaketi njiani. Juzi tumelala bila ugali."

Mogesi alimpa kiti, akaahidi kushughulikia.

Vijana walipoondoka, alicheza peke yake. Picha ikaganda Robi akiwa karibu na goli. Akatua ndoo.

"Kaka, iache ikwame hivihivi."

"Wateja wanalalamika, Robi."

"Basi nirudishe nyumbani."

"Mtamba nimeshauza."

"Si wamebaki wengine?"

"Hao ni wa kuolea."

Mogesi aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka akashindwa kumtazama. Picha ilipoendelea, msichana alijitwika ndoo akaondoka.

Mnada uliofuata mzee Heche alileta beberu, mnono kwelikweli. Beberu akauzwa, na Ramadhan akapata prosesa inayolingana na kadi. Aliifunga, akaikaza, akafuta mikono. Mechi ikaenda laini ajabu. Vijana walipiga kelele za furaha, na mmoja akaagiza soda za wote.

Mokami alikuwa ameketi mbele ya skrini tangu asubuhi. Robi alipita na ndoo. Akapita na mzigo wa kuni. Akapita na ndoo tena, shingo imelala upande.

"Haikwami hata kidogo?" Mokami aliuliza.

"Haikwami tena, mama," Ramadhan alijibu, akiifurahia kazi yake. "Hata wakicheza mpaka usiku."

Mokami akavua kitenge cha mabegani, akakikunja kata ya kutwikia ndoo, akakiegemeza kwenye kioo cha skrini, usawa wa kichwa cha Robi.