Pumzi ya Sumari

Jumanne asubuhi Tabea alikuwa akiyeyusha mafuta ya kondoo jikoni, pumzi ya mumewe ikaingia. Sumari mwenyewe alikuwa amefika nyumbani tangu jana kutoka kupimwa bomani, amelala, kifua hakipandi wala hakishuki. Tangu homa ya mafua imwangushe akibeba mawe ya boma la Wadachi, pumzi yake haikuuweza tena mlima. Yeye hutangulia, yenyewe hufuata polepole migombani, ikipiga miluzi.

Tabea akaisogezea kigoda. “Pole na njia,” akaiambia, akaimiminia mafuta. Aliyetoka kuugua hulishwa mafuta ya kondoo, na kati ya wale wawili, pumzi ndiyo iliyoonekana hoi zaidi. Hapo ndipo alipokosea, maskini.

Daktari wa boma alitaka waliougua homa ile warudi kila Jumatatu, wapimwe kifua. Mwenye kifua kibovu alipewa mwezi mzima wa kukaa nyumbani. Tabea hakuwa na haja nyingine duniani ila mwezi ule. Lakini Jumatatu iliyofuata Sumari alishindwa hata kukaa kitako, na kutokwenda ni viboko. Basi pumzi, iliyokwisha kunenepa, ikaenda badala yake, Tabea akaisindikiza.

Daktari akaisikiliza mbele na nyuma. “Safi,” akasema. Karani akaandika kwamba Sumari amepona.

“Shikamoo, bwana karani,” Tabea akasema. “Mwenyewe yuko kitandani. Hawezi hata kugeuka.”

“Mama, hapa tunapima kifua. Kifua ni kizima. Unataka nini tena?”

Askari akaitwika pumzi kapu la mawe. Nayo, kwa adabu zake za kijinga, ikainama ili asipate taabu. Tabea angeweza kuizaba kofi.

Akapanda mlima peke yake, analia waziwazi, wala hakujificha kwa mtu. Sumari akamuuliza kwa macho, maana sauti yake nayo ilikuwa kazini.

“Wamesema umepona,” Tabea akajibu.

Sumari akafungua kinywa, kikabaki wazi mpaka magharibi, pumzi iliporudi na vumbi lake ikamwingia. “Kesho wanataka tuwahi,” akasema, akasinzia.

Alfajiri tarumbeta la boma likalia. Tabea akakwangua mafuta yaliyobaki chunguni, akailisha pumzi, akaifungulia mlango.